Mayai ya Chura na Mkono wa Uji

Dresden, Ujerumani
24 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi inayouma mpaka meno. Mimi ni mzima. Natumaini wewe, Tonny na Marion mko salama, na kwamba mguu wa Tonny umepona tangu aanguke na gunia la viatu pale Soko la Toi. Barua yako ya kurasa sita ilifika Alhamisi. Henrike, mwenzangu wa maabara, aliiona akauliza ni nani bado anaandika kwa mkono siku hizi. Nikamwambia shangazi yangu anaamini simu ni ya kuulizia bei ya unga, na mambo ya maana huandikwa.

Umeniuliza mara tatu ninafanya nini hasa huku, nami mara tatu nimejibu "utafiti." Leo nitakueleza, kwa sababu Alhamisi hiyohiyo nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona.

Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila chumba mambo yamepangwa, kila kitu na mahali pake. Sisi hutumia mayai ya chura, kwa sababu yai moja la chura ni seli moja kubwa. Usicheke. Ni vyura wa kusini mwa Afrika, hivyo mimi na wao sote ni wageni huku. Tunatia mayai hayo kwenye mashine inayozunguka kwa kasi, yanapasuka yote, tunabaki na ute tu. Hakuna chumba, hakuna ukuta, na kiini, ambacho shuleni tulifundishwa ndicho mkubwa wa seli, hakipo. Tunamimina tone la ute huo kwenye kisahani na kuliacha.

Baada ya nusu saa hivi, Shangazi, ute unajigawa wenyewe. Vinatokea vyumba, kimoja kando ya kingine, vinavyokaribiana kwa ukubwa, na mipaka kati yake. Hakuna aliyeamuru. Wanasayansi wa Marekani ndio waliotuonyesha hili miaka michache iliyopita. Kazi yangu mimi ni kutoa protini moja ambayo wengi hapa wanaamini bila hiyo mpango hauwezekani, nione kama vyumba vitatokea.

Alhamisi vilitokea. Nilisimama kwenye darubini machozi yakinitoka, nikawaita wenzangu. Profesa aliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema nikirudia mara kadhaa, itakuwa habari kubwa.

Nisalimie Kamene wa mandazi na wateja wote wa uji.

Mwanao,
Audrey

---

Kawangware, Nairobi
29 Desemba 2024

Audrey nyathina, mtoto wangu,

Tumemshukuru Mungu tumefika mwisho wa mwaka. Tonny na Marion walikuja Krismasi na kuku wawili, na mguu umepona kiasi cha kucheza rumba, ila kubeba gunia ndiyo anasema bado unauma. Waithaka mwenye ploti ameongeza ghorofa nyingine juu yetu, sasa jua linafika mlangoni kwangu saa tano. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta la kanisa siku nyingi kabla katibu hajakumbuka kwamba ina mwenyewe.

Habari ya mayai nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea Kamene akiwa anakaanga mandazi kando ya kibanda changu. Aliacha mandazi mawili yakaungua. Akaniuliza, "Sasa Mama Tonny, nani huambia hivyo vitu vikae wapi?" Nikamwambia Audrey anasema hakuna mtu. Kamene akasema haiwezekani, lazima kuna mtu, ni vile hamjamuona.

Sitakuficha, mimi niko upande wa Kamene. Miaka ishirini na mitatu nimeamka saa kumi alfajiri kupika uji. Nikichelewa dakika kumi, moto haujawashwa, maji hayajaletwa, vikombe havijaoshwa, na wajenzi wamesimama wananitazama tu. Labda hiyo ya kujipanga bila mkubwa ni tabia ya vyura.

Lakini nimejivunia, nyathina. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sitazidisha. Nimewaambia watu watano tu, na wewe unajua Kawangware, hao watano wanatosha. Mama yako angekuwa hai angeimba.

Rudia hiyo kazi yako kama Profesa alivyosema, kisha uniandikie.

Wako,
Shangazi Nereah

---

Dresden
16 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa tu wazima. Theluji imeanza kuyeyuka na watu wanatembea wakitabasamu bila sababu. Nimefurahi kusikia ya Krismasi.

Kazi inaendelea. Kuna mambo madogo ya kurekebisha. Nitakueleza nikipata nafasi.

Msalimie Tonny, Marion na Kamene. Jitunze.

Audrey

---

Kawangware
6 Aprili 2025

Audrey,

Sisi ni wazima. Mvua imeanza na mtaro wa nyuma ya ploti umefurika kama kawaida. Marion ni mjamzito, mwezi wa nne, na Tonny ameanza kuongea taratibu kama mzee wa kanisa. Usishangae mwandiko huu, kalamu ni mbovu.

Nimepokea barua yako. Nimeigeuza nione kama nyuma umeandika kitu. Mtoto niliyemlea kutoka miaka sita, anayejua kunieleza chura mpaka nikamwona, leo ananiandikia "mambo madogo ya kurekebisha." Kimya kingi kina mshindo. Wewe ukiwa na shida huwa unakuwa na adabu nyingi, na barua hii imejaa adabu.

Sikulazimishi. Lakini mimi sikukulea ili uniambie "tu wazima."

Shangazi

---

Dresden
11 Mei 2025

Shangazi yangu,

Nimempongeza Tonny kwa simu, nikafurahi kusikia sauti ya Marion. Henrike naye anakusalimu, anajifunza kusema "asante sana" na anaisema hata mahali isipohitajika.

Umenishika. Nitasema.

Tangu ile Alhamisi ya Novemba, sijafaulu tena. Nimerudia mara kumi na moja. Namimina ute, nasubiri, naangalia: ute tu. Havitokei vyumba hata kwenye kisahani cha kawaida ambacho sijatoa protini yoyote, kile ambacho mwanafunzi aliyefika juzi anakiweza. Ute ni uleule, mashine ni ileile. Henrike akifanya, vinatokea. Nikifanya mimi, havitokei.

Mwanzoni walinionea huruma. Sasa wanaongea kwa uangalifu. Mmoja aliniuliza kama huenda siku ile nilichanganya visahani. Mwingine hakuniuliza chochote, alienda kuangalia picha zangu za Novemba moja moja, na nilijua anatafuta nini. Wanafikiri nilitengeneza yale matokeo.

Tarehe mbili Julai nitarudia jaribio mbele ya Profesa na kamati ya watu watatu. Nikishindwa, mkataba wangu hauongezwi, narudi nyumbani. Kurudi nyumbani si aibu kwangu. Lakini nitarudi nikiitwa mwongo, na jina hilo litanifuata kila maabara nitakayobisha hodi. Nami niliviona, Shangazi. Vilikuwepo.

Nimejaribu kila kitu. Natoa ute kwenye barafu, namimina, nafunika kwa mafuta, nakaa na visahani kwenye chumba cha pembeni peke yangu nusu saa nikisubiri zamu yangu ya darubini, kisha naangalia. Hatua hizo nimezisoma mpaka naziota. Hakuna niliyoiruka.

Kuna jambo jingine linanisumbua, lakini hilo siwezi kuliandika leo.

Mwanao,
Audrey

---

Kawangware
1 Juni 2025

Nyathina,

Marion anaendelea vizuri. Mvua imepungua. Sasa tuje kwa yetu.

Mficha maradhi, kifo humfichua, na hapa wafichaji tuko wawili. Kalamu haikuwa mbovu. Mwezi wa pili niliteleza kwenye tope karibu na bomba la maji, nikaangukia mkono wa kulia, ukavunjika kwenye kifundo. Nilifungwa plasta wiki saba na mpaka leo hauna nguvu. Barua ya Aprili nimeiandika kwa mkono wa kushoto, na hii pia. Nilimkataza Tonny kukuambia kwa sababu ungeanza kutafuta tikiti ya ndege.

Usiku ule wa kuanguka sikulala. Nilikuwa nahesabu wateja wangu, mmoja mmoja, nani ataenda kunywa wapi. Asubuhi nikajikokota mpaka kibandani saa kumi na mbili, niombe msamaha angalau. Nikakuta foleni. Kamene alikuwa amehamisha makaa yake kidogo akawasha jiko langu, kwa sababu moto wake huwaka mapema. Nalianya anayeleta maji kwa mkokoteni alikuwa ameacha mitungi miwili zaidi. Ndululu anayeuza nduma za kuchemsha alikuwa anakoroga. Na wajenzi, wale wa kunitazama tu, walikuwa wanajioshea vikombe. Nikamuuliza Kamene nani amewapanga. Akanijibu, "Hakuna mtu ametupanga, Mama Tonny. Kila mtu ameona penye kuna pengo. Wewe kaa chini."

Nikakaa. Nikuambie ukweli, niliumia. Miaka ishirini na mitatu nikidhani mimi ndiye kiini. Wiki nzima nilinuna. Kisha nikaanza kuwatazama, na nikauona uzuri wao. Hawagongani. Mmoja akichoka, mwingine anaingia bila kuitwa. Ndiyo nikakumbuka barua yako ya vyura, nikasema, huyu mtoto hakunidanganya.

Sasa sikiza. Mtu aliyefungwa mkono hana kazi ila kutazama mikono ya wengine. Ndululu anakoroga tofauti na mimi. Mimi nilikufundisha ukiwa na miaka saba, umesimama juu ya kreti ya soda, nikikuambia usiache mkono, uji ukiachwa unafanya madonge. Ulishika somo kupita kiasi. Ulikuwa unakoroga chai isiyo na sukari. Ulikuwa unakoroga maji ya kuoga. Na maziwa yangu ya mala, unakumbuka? Mala huwekwa mahali, hufunikwa, huachwa igande. Wewe kila ukipita ulikuwa unafunua na kuitikisa, jioni tunapata maji upande mmoja na madonge upande mwingine. Nilikupiga kofi siku moja kwa ajili ya mala, na ulilia ukisema hukuiguza. Nilidhani unadanganya. Leo naamini ulikuwa hujui.

Umeniandikia hatua zote. Unamimina, unafunika, unasubiri, unaangalia. Hujaniandikia mikono yako inafanya nini hiyo nusu saa ya kusubiri. Na siku ile ya Novemba, mikono yako ilikuwa wapi?

Mimi si mtu wa sayansi. Nauliza tu.

Shangazi Nereah

---

Dresden
6 Julai 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Kwanza pole, pole sana kwa mkono. Nimekasirika kwamba ulinificha, na sina haki ya kukasirika. Nimeongea na Tonny, ameniapia kwamba unafanya mazoezi ya kubana mpira aliyokuonyesha daktari. Ufanye.

Barua yako ilifika tarehe ishirini Juni. Niliisoma nimesimama kwenye korido. Nilipofika kwenye mala, nilicheka. Nilipofika mwisho, nikaacha kucheka.

Kesho yake niliweka simu yangu juu ya rafu inirekodi, nikafanya jaribio kama kawaida. Kisha nikatazama. Shangazi, sikuamini. Kila baada ya dakika mbili tatu, yule mwanamke kwenye video ananyoosha mkono, anashika kisahani kwa vidole viwili, anakizungusha polepole, anakirudisha. Wala hakitazami. Anasoma makala kwenye kompyuta huku mkono unakoroga uji. Chumbani ninakuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniona, na mimi mwenyewe ningeapa mbele ya hakimu kwamba sikukigusa.

Ute ule unajipanga kwa nyuzi nyembamba zinazoota na kuvuta vitu mahali pake. Kila zilipoanza kushikana, mimi nikazivunja. Zinaanza upya, navunja upya, mpaka nguvu iliyomo inaisha.

Nikafungua daftari la Novemba. Alhamisi tarehe ishirini na moja, saa nane mchana, nimeandika pembeni kwa penseli: "Barua kutoka nyumbani, nimesoma nikisubiri." Kurasa zako sita, pande zote mbili, mwandiko mdogo. Nilikuwa nimezishika kwa mikono miwili nusu saa nzima.

Kabla ya siku ya kamati sikupata mayai mengine ya kujaribia. Tarehe mbili Julai nilimimina visahani viwili mbele yao wote, kimoja cha kawaida na kimoja kisicho na ile protini. Nikafunika. Kisha nikakalia mikono yangu, kama mtoto kanisani. Dakika ya kumi na tano, hakuna kitu. Mkono wa kulia ulikuwa unawasha, nakuambia ukweli. Dakika ya ishirini na tano Profesa aliinama kwenye darubini, akampisha wa pili. Vyumba vilikuwa vimejaa, Shangazi, kwenye visahani vyote viwili, vimepangana mpaka ukingoni, na hakuna aliyevishika. Nimeviona mara mbili sasa kwenye visahani vyangu mwenyewe na bado sijazoea. Vitu visivyo na macho wala masikio, vilivyosagwa, vinajua kurudi. Nikafikiria foleni yako ya saa kumi na mbili.

Mzee mmoja wa kamati akauliza sababu ya kushindwa mara kumi na moja. Ningeweza kusema joto la chumba, na wangekubali. Hapa ndipo lilipo lile jambo nililoshindwa kukuandikia Mei.

Nilipofika hapa mwaka juzi, walituomba tuandike mistari michache kuhusu sisi kwa ajili ya tovuti ya maabara. Wengine wazazi wao ni madaktari, ni wahadhiri. Mimi nikaandika kwamba nimelelewa na shangazi ambaye ni mtaalamu wa lishe. Nimeishi na mstari huo karibu miaka miwili. Kila uliponiandikia kwamba unajivunia, nilikuwa nauona.

Basi nikasimama nikawaambia: "Nimelelewa na mwanamke anayeuza uji Kawangware. Alinifundisha kukoroga nikiwa na miaka saba, na mkono wangu haujawahi kuacha. Yeye ndiye aliyegundua kosa, kwa barua." Nikawaonyesha video. Mzee aliomba kuiona tena. Profesa akaniuliza jina lako, akaliandika.

Wameniongezea mkataba miaka miwili. Mstari wa kwenye tovuti nimeubadilisha, sasa una jina lako, uji, na Kawangware. Lakini nilikukana, Shangazi, na kubadilisha mstari hakufuti. Nisamehe.

Mwanao,
Audrey

---

Kawangware
3 Agosti 2025

Audrey nyathina,

Marion yuko karibu, na kitanda cha mtoto kimeshapatikana. Mkono unabana mpira mara hamsini asubuhi na hamsini jioni. Uji bado wanapika wao, mimi napima unga na kupiga domo. Ndululu amekataa kunirudishia mwiko, anasema nitaharibu.

Barua yako nilimpa Kamene aisome kwa sauti kibandani, wajenzi wote wakisikiliza. Pale ulipokalia mikono, Nalianya aliweka mkokoteni chini. Ulipofika mahali vyumba vimejaa, walipiga makofi kama wameona goli. Kamene sasa anasema yeye siku zote alijua hakuna mkubwa, na mimi nimemwachia uongo huo.

Ukurasa wa mwisho sikumpa asome. Huo niliusoma nyumbani.

Mtoto wangu, nilijua. Oktoba mwaka jana Tonny aliona picha yako kwenye mtandao, akafurahi, akaenda cyber akaichapisha na maneno yake yote, akaniletea kama zawadi. Hakuwa amesoma mpaka mwisho. Mimi nilisoma. Nilikaa kitandani mpaka giza likaingia. Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikakuandikia zile kurasa sita, ndizo hizo ulizoshika kwa mikono miwili. Nilitaka kukuuliza kila ukurasa. Nikaishia kukuambia habari za mvua, za viatu vya Tonny, za bei ya wimbi, nikajaza pande zote mbili na swali lenyewe sikuliandika.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimeanza kabla hujaniomba, lakini nilikuwa nangoja useme, na umesema mbele ya watu, wakati kusema kungeweza kukuharibia. Mimi sijui kama ningeweza.

Ile karatasi ya mtaalamu wa lishe nilikuwa nailalia chini ya godoro tangu Oktoba. Leo asubuhi nimempa Kamene, akawashia jiko.

Shangazi yako,
Nereah